Tuta Lililoinuka: Kisa cha Moduli Tatu za Reli ya Mfano ya Mlimba

Jumamosi moja ya mwezi Mei, juu ya meza ya kioo ya kulia chakula nyumbani kwangu Dar es Salaam, treni ndogo ya mabehewa manne iliondoka stesheni ya Mlimba kuelekea mlimani. Ilivuka kiungo cha moduli ya pili na ya tatu, yaani visanduku vyenye njia ya reli juu yake vinavyounganishwa kufanya reli moja, na hapo kichwa cha treni kikaendelea na behewa moja tu huku matatu yakibaki nyuma yamesimama. Hakuna gurudumu lililotoka relini. Tuliirudisha, tukaunganisha, tukaiendesha tena kwa mwendo wa pole, na mambo yakawa yaleyale mara sita mfululizo, kila mara hatua chache tu baada ya kiungo kilekile. Kiungo cha kwanza, kati ya shamba la mpunga na stesheni, treni ilikivuka bila kutikisika.

Tulihangaika siku mbili kabla ya kupata chanzo, na chanzo hakikuwa mahali tulipokitafuta kwanza. Naeleza kisa chote, pamoja na tuhuma zilizotupoteza njia, kwa kuwa mtu anayejenga reli ya mfano katika ukanda wetu wa joto na unyevu atakutana na jambo hili mapema au baadaye.

Mimi na mwenzangu wa Mbeya, ambaye amenizidi umri na ninamwita kaka, tulikuwa tumekubaliana kujenga kipande cha Reli ya Uhuru, yaani TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Tulichagua Mlimba kwa sababu ndipo bonde la Kilombero linapoishia na kupanda kunapoanza: upande mmoja mpunga, upande mwingine milima, na mahandaki mengi ya reli hii yako kati ya Mlimba na Makambako. Wote wawili tumesafiri njia hiyo mara nyingi, na tunaijua ile hali ya abiria kuamka, kufungua madirisha na kununua ndizi kabla treni haijaanza kupanda.

Geji ya TAZARA, yaani upana kati ya reli zake mbili, ni milimita 1,067. Ukiigawanya kwa 120 unapata karibu milimita 8.9, na njia ya plastiki inayopatikana kwa urahisi duniani, ile inayotumiwa na wajenzi wa skeli ya N, ina geji ya milimita 9. Kwa hiyo mtu akijenga majengo, miti na mabehewa kwa skeli ya 1:120, yaani vidogo mara 120 kuliko vya kweli, njia hiyo ya kununua inakuwa TAZARA yenye upana sahihi bila kuchonga chochote. Wajenzi wa Nyuzilandi, ambako reli nazo ni za milimita 1,067, wamekuwa wakitumia hesabu hiyohiyo kwa miaka mingi. Kinachobaki ni kupaka mataruma, yale yanayolala chini ya reli, rangi ya saruji, maana ya plastiki huja na rangi ya mbao, na mataruma ya TAZARA ni ya zege. Mabehewa hayauzwi popote kwa umbo tulilolitaka, hivyo kaka aliyatengeneza kwa kadibodi ngumu juu ya fremu za magurudumu zilizonunuliwa.

Kwa kuwa mmoja yuko Mbeya na mwingine Dar es Salaam, ilikuwa lazima kazi igawanyike. Tulifuata mfumo wa T-TRAK, ulioanzia Japani na kufika Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa sababu moduli zake ni ndogo na hukaa juu ya meza yoyote. Kila moduli ni kisanduku chepesi kisicho na chini, chenye bolti nne za kurekebisha kimo kwenye pembe, na njia ya plastiki ya kununua iitwayo Kato Unitrack imebandikwa juu yake. Moduli ya urefu tuliyoitumia ina ubao wa milimita 618 na njia ya milimita 620, hivyo reli huchungulia milimita moja kila upande, na viungo vyenyewe vya njia ndivyo vinavyozishika moduli pamoja. Moduli zetu tatu zilifanya njia ya milimita 1,860. Tulipogundua kwamba TAZARA nayo ina kilomita 1,860, tuliona ni bahati njema, ingawa kwa skeli yetu urefu huo ni kama mita 223 tu za reli halisi.

Kaka alijenga stesheni huko Mbeya, akianza mwezi Agosti wakati wa kiangazi na baridi. Mimi nilijenga shamba la mpunga na mdomo wa handaki hapa Dar es Salaam kati ya Februari na Aprili, na sehemu kubwa ya kazi ikaangukia ndani ya masika. Sote tulitumia mbao za msonobari kwa fremu na plaiwudi ya milimita 6 kwa sakafu.

Inanibidi nieleze kwa undani jinsi nilivyotengeneza mandhari, kwa sababu ndiyo iliyobeba jibu. Udongo mwekundu niliuchota kando ya barabara, nikaukaanga kwenye kikaango kikuukuu kuua wadudu na mbegu, nikauchekecha kwa kipande cha chandarua, kisha nikauchekecha tena kwa soksi ya nailoni mpaka ukawa laini kama unga wa muhogo. Kabla ya kuutumia niliupitishia sumaku, na naomba mtu asiruke hatua hii: sumaku yangu ilitoka na ndevu nyeusi za chembe za chuma, ambazo zingebaki kando ya reli mpaka siku zitakaponaswa na sumaku ya mota ya kichwa cha treni na kuiharibu. Majani marefu niliyatengeneza kwa katani iliyokatwa vipande vya milimita 5, ambayo kwa skeli yetu ni nyasi za sentimita 60, na nikazitia rangi kwa makundi matatu ili zisifanane zote. Katani inafaa kuliko nyuzi za plastiki kwa sababu kila unywele una unene wake na mpindo wake.

Vyote hivyo, udongo, nyasi na kokoto za tuta, hushikwa kwa njia moja. Unavipanga vikiwa vikavu, unavinyunyizia maji yenye tone la sabuni ya maji ili yasitengeneze matone na kuviringika, kisha kwa bomba la sindano unadondosha gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, sehemu moja ya gundi kwa tatu za maji, mpaka kila kitu kiwe kimelowa na cheupe kama maziwa. Asubuhi yake gundi imekuwa angavu na ardhi imeganda. Kwenye moduli ya handaki nilifanya hivyo mara tatu kwa wiki mbili, maana kokoto za mteremko wa mlima hazikutaka kushika, na juu ya nusu moja nikajenga mlima kwa matabaka ya kitambaa kilicholoweshwa gipsamu.

Sasa turudi mezani. Tuhuma ya kwanza ilikuwa kimo, na haikuwa tuhuma ya bure, kwani tulipoziweka moduli kwa mara ya kwanza, reli za kaka zilikuwa chini ya zangu waziwazi. Katika makubaliano yetu tuliandika "kimo milimita 70". Mimi nilielewa ni kutoka mezani mpaka juu ya ubao, chini ya njia, kama mfumo wenyewe unavyotaka. Yeye alielewa ni kutoka mezani mpaka juu ya reli. Tofauti ilikuwa sawasawa na unene wa njia ya plastiki pamoja na reli zake. Bolti zake zilikuwa na nafasi ya kutosha, tukazikunjua pembe zote nne, tukahakikisha kwa pimamaji, na ndani ya nusu saa vichwa vya reli, yaani sehemu zake za juu, vilikuwa sambamba kwenye viungo vyote viwili hata ukipitisha ukucha husikii ngazi. Hayo tuliyamaliza kabla ya treni kuondoka, tukaamini kimo hakina tatizo tena. Hata hivyo treni ikaachana.

Tuhuma ya pili ilikuwa ndoano za mabehewa, na hapa tulipoteza jioni nzima. Kaka alipima kimo cha kila ndoano, akakuta ya behewa la pili iko chini kidogo, akaiinua. Tukabadilisha mpangilio wa mabehewa, la pili likawa la nne. Treni iliachana kati ya la kwanza na la pili kama kawaida, ingawa sasa yalikuwa mabehewa mengine. Hapo ndipo tulipopaswa kuziacha ndoano, maana kosa lilikuwa limebaki mahali pake huku mabehewa yakibadilika, lakini tuliendelea kuzishughulikia saa nyingine mbili.

Tuhuma ya tatu ilikuwa ya kaka mwenyewe. Alisema, "Mdogo wangu, mbao zangu zimekaukia Mbeya, hapa kwenu zinakunywa hewa ya bahari, itakuwa stesheni yangu ndiyo imevimba." Ni wazo la mtu anayeijua mbao. Msonobari huvimba kwa upande unaokatiza nyuzi zake na karibu haubadiliki kwa kufuata nyuzi, kwa hiyo fremu ya kimo cha milimita 60 iliyosimamishwa kwa ubavu inaweza kurefuka kwenda juu ilhali urefu wake wa milimita 618 ukabaki uleule. Lakini stesheni ilikuwa na siku mbili tu mjini, na alikuwa ameandika vipimo vya fremu yake kwa penseli ndani ya kisanduku. Tulipima tena, havikuwa vimebadilika. Hata kama ingevimba, bolti zingelichukua jambo hilo kama zilivyochukua lile la kwanza.

Jumapili asubuhi niliamua kuacha kuangalia kiungo na kuangalia moduli nzima. Kioo cha meza kilitusaidia sana hapa, kwa kuwa ni tambarare kuliko meza yoyote ya mbao niliyo nayo. Niliitenga moduli ya handaki peke yake, nikaiweka sawa kwa pimamaji upande wa mlima, kisha nikapima kutoka kwenye kioo mpaka kichwa cha reli kila baada ya milimita 100, nikianzia upande wa handaki kuja upande wa stesheni, na kuandika ongezeko tu. Sehemu mbili za kwanza hazikuwa na ongezeko lolote. Ya tatu ilikuwa nusu milimita, ya nne moja na nusu, ya tano tatu, na mwishoni kabisa tano. Njia yangu ilikuwa inainuka kama omo ya jahazi.

Hapo kila kitu kikaeleweka. Bolti zinarekebisha kimo cha pembe, lakini haziwezi kunyoosha ubao uliopinda kati ya pembe hizo. Tulipozishusha pembe za upande wa stesheni mpaka reli zikutane, kimo kilikuwa sawa lakini mwelekeo haukuwa sawa: reli ya stesheni ilifika ikiwa tambarare na yangu ikaondoka ikishuka, na pale zilipokutana kukawa na mgongo ambao macho hayakuuona. Behewa refu likiwa juu ya mgongo, ncha yake ya mbele inaelea juu ilhali behewa lililotangulia limeshainamisha mkia, na ndoano mbili zinapishana kwa wima. Niliinama hadi jicho likawa usawa wa reli, nikamwomba kaka aisukume treni kwa kidole polepole sana. Nikaiona ndoano ya behewa la pili ikipanda juu ya mwenzake, ikitulia juu yake kitambo kidogo, kisha ikiachia.

Swali lililobaki ni kwa nini moduli hii ilipinda na ile ya mpunga haikupinda, ingawa zote mbili nilizijenga mimi, kwa plaiwudi iliyotoka ubao mmoja, msimu mmoja na gundi ileile. Niliwaza sana hadi nilipoigeuza ya mpunga juu chini. Tumbo lake lilikuwa na rangi ya mafuta ya kijivu. Nilikuwa nimelipaka kabla ya kumimina vanishi ya kuigiza maji ya majaruba, nikiogopa ivuje na kuharibu meza, na ubao wa juu nao niliupaka rangi hiyohiyo. Moduli ya handaki sikuipaka popote, juu wala chini.

Kwa maoni yangu, basi, mambo yalikwenda hivi. Kila mara nilipoilowesha sakafu kutoka juu, tabaka la juu la plaiwudi lilivimba na la chini likabaki kavu. Gundi na udongo vilipoanza kukauka vikajikaza, vikavuta uso wa juu kuelekea ndani, na ubao ukainua ncha. Mara moja pengine ubao ungerudi. Mara tatu ndani ya wiki mbili za masika, ambapo ubao haukupata hata siku moja ya kukauka vizuri, ubao ulilizoea umbo jipya. Nusu yenye mlima haikupinda kwa sababu gipsamu iliyoganda iliishikilia kama plasta ngumu ya mguu uliovunjika, na kwa hiyo mpindo wote ukahamia kwenye nusu nyepesi, ile inayokutana na stesheni. Fremu nayo ilikuwa na lawama yake: niliweka mbao za pembeni pekee na kuacha katikati patupu ili moduli iwe nyepesi.

Kurekebisha kulichukua siku tano, na kaka alisharudi Mbeya Jumanne akiwa ameniachia stesheni. Niliipindua moduli juu ya mto laini ili nyasi zisivunjike, nikalowesha tumbo lake kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kisha nikaibana kwenye ubao mnene kwa vibano vinne na kuiacha siku tatu. Ilipotoka, ncha ilikuwa imeshuka kutoka milimita 5 hadi moja na kidogo. Sikuirudia kuilowesha. Nilifunga mikanda mitatu ya mbao chini ya sakafu kwa skurubu na gundi, nikapaka tumbo lote rangi ya mafuta mara mbili, nikang'oa kipande cha mwisho cha njia na kuusugua ubao chini yake kwa msasa mpaka pimamaji ikakubali. Kokoto za sehemu hiyo ziliharibika zote, na nikazipanga upya, safari hii kwa gundi kidogo na kwa awamu fupi. Nilipokuwa nimefungua, nilichomea pia nyaya za umeme moja kwa moja kwenye reli za kila moduli badala ya kutegemea viungo kupitisha umeme, kwa sababu taa za kichwa zilikuwa zikififia ndani ya handaki.

Treni ilivuka. Niliiendesha mara ishirini kwenda na kurudi, kisha nikampigia kaka kwa video naye akahesabu kumi nyingine.

Makubaliano yetu tumeyaandika upya, na sehemu ninayoiona kuwa ya maana kuliko zote haina namba hata moja. Mara ya kwanza tulitumiana vipimo, na kila mmoja akavipima kwa rula yake na kwa ufahamu wake. Sasa tunatumiana kitu chenyewe. Fundi wa madirisha ya alumini mtaani kwangu alikata vipande vitatu kwa mpigo mmoja wa msumeno, vimeshikwa pamoja, kila kimoja kikiwa na kimo cha kutoka mezani hadi kichwa cha reli. Kimoja kipo kwangu, kingine kilikwenda Mbeya kwa basi, cha tatu kimehifadhiwa bila kutumika ili kiwe shahidi wa viwili hivyo. Kipande hicho husimamishwa mwisho wa moduli na tena sentimita kumi ndani, maana moduli iliyo sahihi mwishoni peke yake ndiyo iliyotudanganya. Wajenzi wa FREMO barani Ulaya, ambao chama chao kipo tangu mwaka 1981, huunganisha moduli zao kwa vibao vya mwisho vyenye umbo moja vinavyofungwa kwa bolti, na chama cha wajenzi wa reli za mfano cha Marekani, NMRA, kina bamba lake la chuma la kukagulia njia na magurudumu. Nilikuwa nikiviona vitu hivyo kuwa ni mbwembwe za watu wenye karakana kubwa. Kwa watu wawili wanaojenga mbali, na kukutana mara moja kwa mwaka, ndivyo vinavyohitajika zaidi.

Tumeongeza pia kwamba hakuna tone la gundi litakalodondoshwa kabla ubao haujapakwa rangi pande zote mbili na kingo zake, na kwamba vipimo vya fremu vitaandikwa ndani kwa penseli pamoja na mwezi vilipochukuliwa, jambo ambalo kaka alilifanya bila kuambiwa na likatuokoa kwenye tuhuma ya tatu. Tuhuma hiyo nayo haikuwa ya kupuuzwa moja kwa moja. Mwishoni mwa Juni, stesheni yake ikiwa imekaa kwangu majuma sita, nilisoma penseli yake na kupima tena, na fremu ilikuwa imepanda nusu milimita na zaidi kidogo. Nilizungusha bolti nne kidogo hadi kipande cha alumini kikapita.

Juu ya mdomo wa handaki kuna ufa mwembamba kwenye gipsamu, uliotokea nilipoibana moduli. Sijauziba. Nimeweka alama mbili za penseli kwenye ncha zake ili nione kama utarefuka mvua za vuli zikianza, na kaka ameshaanza kukata mbao za daraja.